Mashine Aliyokodi Urho Lampinen

Kwa miaka arobaini na sita Urho Lampinen alipasua kuni za nyumba yake kwa shoka, na karibu muda wote huo hakuacha kuwasimulia watu. Baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama ukumbini na vikombe vya kahawa na vipande vya mkate wa iliki, mtu akitaja tu kwamba amekodi mashine ya kupasulia kuni, Urho alikuwa anaweka kikombe chake mezani taratibu, anafuta midomo, halafu anasema yeye hana ugomvi na mashine, ila kuni iliyopasuliwa na mashine haina joto. Inawaka, hilo hakatai, lakini joto haina. Miaka ya mwanzo watu walicheka. Ilipofika mwaka wa kumi wakawa wanachukua mkate wao na kuhamia meza nyingine.

Basi mwaka huo, mwezi wa nane, akapasuliwa yeye.

Alikuwa ananyanyua gogo la mwaloni kutoka kwenye rundo nyuma ya nyumba akasikia kitu kinaachia chini ya tumbo. Ilikuwa ngiri. Walimpeleka hospitali, wakampasua, wakamshona, na daktari akamwambia asiguse shoka mpaka mwezi wa nne.

"Mwezi wa nne kuni zinatakiwa za nini?" Urho akamuuliza.

"Hilo mwulize mkeo," daktari akajibu, maana alikuwa amekwisha kumwona mkewe pale mlangoni, akajua mambo ya nyumba ile yanaamuliwa wapi.

Mkewe ni Saima. Aliendesha basi la shule miaka thelathini katika barafu ya kaskazini mwa Michigan bila kulitumbukiza mtaroni hata mara moja, na mpaka leo akipaza sauti kidogo, hata mbwa wa jirani hukaa kitako. Alimwacha mumewe auguze kidonda chake mwezi wa tisa wote. Mwezi wa kumi ulipoanza, asubuhi moja alisimama dirishani na kikombe chake.

"Lile rundo la magogo nimelitazama wiki sita," akasema. "Halijajipasua."

"Nitatafuta njia, mama."

"Njia ipo. Inakodishwa dukani kwa siku."

"Duka gani?"

"Hili letu. Ukitoka hapa hata kahawa yako haijapoa umefika."

Urho akakuna kidevu. "Wataniona."

"Nani atakuona?"

Urho akaanza kuwahesabu kichwani. Majina yalikuwa mengi mno.

Wakabishana siku mbili, na siku ya tatu wakakubaliana. Mashine itakodiwa, lakini katika mji mwingine, maili arobaini kusini, ambako hakuna anayemjua Urho Lampinen wala maoni yake kuhusu joto. Wangeichukua Jumamosi asubuhi na kuirudisha siku hiyohiyo kabla ya saa kumi na moja jioni. Jumamosi hiyo kina mama wa kanisa walikuwa wanapika pasti za kuuza ukumbini, zile za unga uliokunjwa ukajazwa nyama na viazi na tanipu, na Saima alitakiwa awepo kwenye meza ya unga. Akapiga simu kusema goti linamsumbua. Hakufurahia kusema hivyo, na Urho alijua ipo siku atalilipia goti hilo.

Mwenye duka la huko aliitwa Wendell, mtu mnene, mpole, anayetafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kopo. Aliweka fomu juu ya kaunta akaanza kuuliza huku akiandika. Jina. Anwani. Namba ya leseni.

"Umewahi kutumia mashine ya namna hii, mzee?"

Duka lilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa na mtu wa kumcheka. Hata hivyo Urho alijikuta ananyoosha mgongo.

"Mara nyingi," akasema.

"Vizuri. Basi sikuchoshi na maelezo." Wendell akatia alama kwenye kisanduku, akasema jambo kuhusu tairi la kulia na jambo lingine kuhusu kisanduku fulani, lakini Urho alikuwa amekwisha kuelekea nje, anatazama barabarani kama mtu aliyeegesha gari pasiporuhusiwa.

Mashine yenyewe ilikuwa na magurudumu mawili na mkono wa kuvutia kama tela. Juu yake palikuwa na boriti ndefu ya chuma, upande mmoja kabari nene, upande wa pili chuma cha kusukuma gogo liiendee kabari. Waliifunga nyuma ya pikapu. Kisha Urho akatoa turubai la kijani, akaifunika yote, akaikaza kwa kamba pande nne.

Saima alimtazama akimaliza fundo la mwisho. "Sasa tunaonekana kama watu walioiba ng'ombe."

"Twende, mama."

Wakaenda. Maili kama tano hivi zikapita.

"Mara nyingi?" Saima akauliza.

"Nimeona zikitumika mara nyingi."

"Hata ndege umeziona zikiruka mara nyingi."

Urho akawasha redio.

Barabara ya kwenda kwao ni moja, nayo inapita katikati ya kijiji, mbele ya posta, mbele ya duka, na mbele ya ukumbi wa kanisa. Walipofika usawa wa posta pikapu ikaanza kuvuta upande. Mbele ya duka pakasikika kitu kinapigapiga lami nyuma yao. Na mbele ya ukumbi wa kanisa, pale hasa penye ubao uliosema PASTI LEO, tairi la kulia la mashine likakata tamaa. Urho alizima injini, akakaa na mikono yake kwenye usukani.

Mlango wa ukumbi ukafunguka, harufu ya vitunguu ikatangulia, na nyuma ya harufu wakatoka watu wenye aproni. Mbele yao alikuwa Hilja Rautio. Hilja alikuwa mjane wa miaka kama sitini na nne, ndiye mkuu wa jiko lile, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga hadi viwikoni. Alizunguka upande wa Saima akainama dirishani.

"Goti linaendeleaje, dada?"

"Limepata nafuu ghafla," Saima akasema.

"Mungu mkubwa. Na huyu ng'ombe mliyemfunika?"

"Mwulize mwenye ng'ombe."

Hilja hakumwuliza Urho, ambaye tayari alikuwa ameshuka na anasema eti ni tela la mtu fulani. Alifungua fundo moja tu, akakunja pembe ya turubai, akatazama. Kina mama nyuma yake nao wakatazama. 

"Huyu namjua," Hilja akasema. Alipitisha kidole kwenye mkwaruzo mrefu juu ya boriti, akaacha mstari wa unga. "Hili kovu nimelitia mimi. Ni ya Wendell hii."

Aliyeanza kucheka ni Dale Perrault. Dale alikuwa fundi wa magari aliyestaafu, na ndiye mwanamume pekee aliyeruhusiwa jikoni siku za pasti kwa sababu hakuna aliyekata tanipu vipande sawasawa kama yeye. Alikuja na kisu chake mkononi, akaizunguka mashine mara mbili.

"Mzee mwenzangu, niambie ukweli," akasema. "Kule hospitali, wewe walikupasua kwa shoka au kwa mashine?"

Kina mama wakaegemeana kwa kicheko. Mpiga kinanda wa kanisa, bibi mzima, alilazimika kukaa kwenye ngazi. Urho alisimama pale akiwa amevua kofia, masikio yamemwiva, na jambo la ajabu ni kwamba alipokwisha kuchekwa alijiona mwepesi kidogo, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Unaumwa bado?" Hilja akamwuliza.

"Nikicheka."

"Basi leo usicheke. Utuachie sisi."

Dale alileta pampu na vifaa vyake kutoka kwenye gari lake. Alilizungusha tairi, akaliona tundu, akalisokomezea utepe wa mpira wenye gundi, akajaza upepo. Ilikuwa saa nne na nusu. Hilja alikuwa amekwisha kuvua aproni na kumkabidhi mwiko mpiga kinanda.

"Unakwenda wapi?" Saima akamwuliza.

"Kwako. Mumeo akiiwasha mwenyewe ataivunja. Ina tabia zake."

"Na mimi naja," Dale akasema. "Tanipu nimemaliza. Na hata kama sijamaliza."

Kwa hiyo wakaondoka, pikapu mbele na gari la Dale nyuma, na turubai limekunjwa chini ya miguu ya Saima.

Nyumbani Urho alijaribu kurudisha tela nyuma liingie uani. Mara ya kwanza likaelekea kwenye kibanda cha sauna. Mara ya pili likaelekea kwenye kisima. Mara ya tatu Saima alifungua mlango wake, akazunguka, akasimama upande wa dereva. Urho akasogea. Saima akaliingiza tela mara moja, akalisimamisha hatua mbili kutoka kwenye rundo la magogo, akavuta breki.

Mashine haikutaka kuwaka. Urho alishika kamba ya kuwashia.

"Ukivuta hiyo kamba nampigia daktari sasa hivi," Saima akasema.

Akavuta Dale. Akavuta mara ishirini, akavua koti, akavuta tena. Alikagua plagi, akanusa, akasema petroli haifiki. Hilja alikuwa amekaa kwenye kisiki anawaangalia huku akijifuta unga mikononi.

"Mmeitazama koki ya petroli?" akauliza mwishowe.

"Koki iko wazi," Urho akasema. "Imeandikwa hapa."

"Imeandikwa, lakini mtu aliifunga kinyume. Ielekeze kwenye ZIMA."

Dale akaielekeza kwenye ZIMA, akavuta mara moja, mashine ikanguruma, na kunguru wote wakaruka kutoka kwenye mti.

Kazi ikaanza. Dale na Hilja walikuwa wanabingirisha magogo na kuyapandisha juu ya boriti, na Urho, kwa kuwa haruhusiwi kunyanyua kitu, alipewa mpini wa kuendeshea. Alikuwa ameapa moyoni kwamba ataichukia mashine hata akiitumia. Akausukuma mpini. Kile chuma kikalisukuma gogo taratibu, bila haraka yoyote, kabari ikaingia, na mwaloni ambao ungemchukua mapigo sita ukafunguka kwa sauti ndogo ya kukatika, nyama yake ya ndani imeiva rangi ya chai na inanukia. Urho aliutazama. Akaomba lingine. Akaomba lingine tena. Baada ya nusu saa alikuwa anawaharakisha wenzake.

"Leteni, leteni, mmelala?"

"Mzee amenogewa," Dale akasema.

"Nataka tuwahi kuirudisha, basi."

Kwa kunogewa huko akawaagiza wapandishe shina moja lenye panda, nene kama mtungi, nyuzi zake zimepotana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Hilja akasema hilo liachwe. Urho akasema mashine ni ya nini basi. Akausukuma mpini. Kabari iliingia nusu, shina likaguna, mashine ikabadilisha sauti ikawa kama inalalamika, na pale pakawa mwisho wake. Haliendi mbele wala halirudi. Urho alirudisha mpini nyuma, chuma kikarudi peke yake, shina likabaki limeng'ang'ania kabari.

"Linataka nyundo," Dale akasema, mkono kiunoni. Yeye mwenyewe alikuwa na bega bovu tangu zamani, na watu wote pale walilijua bega hilo.

Urho akatazama nyundo kubwa iliyoegemezwa ukutani. Hilja akamtazama Urho akitazama nyundo. Lakini aliyeifuata ni Saima. Aliichukua, akapima uzito wake, akavua miwani akampa Hilja ashike.

"Mama, hiyo ni ratili kumi na mbili," Urho akasema.

"Miaka arobaini na sita hukuwahi kuniambia uzito wake," Saima akasema. "Sogea."

Pigo la kwanza likaangukia pembeni. La pili likalitikisa shina. La tatu likaligonga sawasawa chini ya panda, shina likachomoka na kuanguka upande wa pili wa boriti kwa kishindo. Saima alisimama anahema, uso umemng'aa, nywele zimetoka kwenye kitambaa. Akairudisha nyundo ukutani, akavaa miwani yake, kisha akamwondoa Urho kwenye mpini.

"Pumzika sasa. Nataka kujaribu hii."

Kumbe mtu aliyeendesha basi miaka thelathini anajua kusikiliza injini. Saima alijua lini aongeze moto na lini apunguze, alijua kulizungusha gogo ili ufa wake wa asili uitazame kabari, na hakupandisha shina lenye panda hata moja. Urho alipewa kazi ya kuketi kwenye kiti cha jikoni walichomletea na kuhesabu saa.

Saa sita na nusu akaja yule mpiga kinanda na kikapu cha pasti za moto. Hakukawia kuondoka, ila alitazama kila kitu kwa makini, ili asisahau kitu cha kwenda kusimulia. Wakazima mashine wakala. Dale akaenda kunawa kwenye bomba, Saima akaingia ndani kuchemsha kahawa, wakabaki Urho na Hilja.

Urho alikuwa na swali tangu pale barabarani.

"Hilja, ile mashine ya hapa dukani ingekutosha. Kwa nini ulikuwa unakwenda maili arobaini?"

"Na wewe?"

Urho akageuza pasti yake mkononi. "Sikutaka watu wanione."

"Watu gani?"

"Wa kahawa."

"Basi sababu yangu ni hiyohiyo," Hilja akasema. "Ila watu wangu wa kahawa walikuwa mtu mmoja."

Alisema bila ukali, anang'oa kipande cha ukoko. Akamsimulia. Mumewe, Arne, alifariki miaka michache nyuma, mwezi wa tano, akaacha magogo uani, naye Hilja maishani hakuwahi kupasua hata kijiti. Mwezi wa kumi akamfuata Wendell. Akaifunika mashine kwa shuka za kitanda, akaipeleka nyuma ya ghala ambako barabara haioni, akajizoeza peke yake, kwa kukosea. Kule kukwaruza boriti ni siku ya kwanza, mnyororo ulimponyoka.

"Kila nikisikia pikapu yako inakuja barabarani nilikuwa naizima," akasema. "Nasubiri mpaka upite. Halafu naiwasha tena, na unajua kuiwasha kwenyewe kulivyo. Siku moja ulipita mara tano. Sijui ulikuwa unatafuta nini."

Urho alikumbuka siku zile. Alikuwa anapita kwa makusudi, anapunguza mwendo mbele ya nyumba ya Arne, akijiambia kwamba mama wa watu yuko peke yake na pengine asimame amwulize kama ana kuni. Kila mara aliona ua mtulivu, moshi unatoka, akaona hana shida, akaenda zake. Akataka kumwambia hivyo Hilja. Akaona kwamba ingekuwa kujitetea, akauma pasti yake.

"Yale maneno nilikuwa nasema tu," akasema baadaye.

"Najua."

"Nilikosa adabu, Hilja. Nisamehe."

Hilja alimaliza kutafuna. "Sawa," akasema. "Mwaka ule, kama unataka kujua, nyumba yangu ilikuwa na joto mpaka nililala dirisha wazi."

Saima alipotoka na birika aliwakuta wanacheka, Urho ameshika tumbo kwa mikono miwili na kusema basi, basi, nyuzi zitaachia.

Saa nane mchana, rundo limefika nusu, mpira wa kupitishia mafuta ukapasuka. Ulitoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, mafuta ya rangi ya asali yakamrukia Dale kifuani, chuma kikasimama palepale njiani. Saima akazima mashine. Dale aliitazama aproni yake, ambayo hakuwa ameivua tangu asubuhi.

"Hii ni ya kanisa," akasema.

Wakampigia Wendell. Urho alishika simu, akaweka sauti ya wazi ili Dale, fundi, asikie maelezo.

"Mpira umepasuka," akasema.

"Ule mfupi au mrefu?"

"Mfupi."

"Ule huwa unachoka. Sasa, mzee, kwa mtu mzoefu kama wewe si kazi. Unajua spea inakaa wapi."

Watu watatu walimtazama Urho. Saima alikuwa amekunja mikono. Urho alifumba macho.

"Sijui inakaa wapi," akasema. "Sijawahi kuitumia mashine hii. Wala nyingine yoyote. Nilikudanganya kwenye fomu."

Upande wa pili pakasikika ganda la alizeti likigonga kopo.

"Wewe ni wa sita mwaka huu," Wendell akasema kwa upole. "Wote wanaume. Wanawake wananiambia hapana, nawaonyesha kila kitu, wanaondoka salama. Tazama chini ya boriti, karibu na gurudumu la kushoto, kuna kisanduku kama cha chakula cha mchana. Mna mpira mpya, spana, na chupa ya mafuta. Nilikuambia asubuhi lakini ulikuwa umeshatoka."

"Na gharama ya mpira?"

"Ungepasuka hata kwa askofu. Fungeni mwendelee na kazi."

Kisanduku kilikuwa palepale. Siku nzima Dale alikuwa amekitumia kuwekea kikombe chake. Alifunga mpira mpya kwa dakika kumi na tano, akaongeza mafuta, Saima akarudi kwenye mpini, na wakafanya kazi bila maneno mengi, kila mtu sasa amejua mahali pake. Hata Urho alipata kazi: alikuwa anaokota vipande vidogo vinavyoruka na kuvitia kwenye ndoo, vya kuwashia moto wa sauna. Daktari hakuwa amekataza ndoo.

Saa kumi kamili Saima alizima mashine, kwa kuwa bado palikuwa na safari. Theluthi ya magogo ilikuwa haijaguswa. Urho alisimama mbele yake, mikono mfukoni, akayahesabu kwa macho.

"Bila haya hatufiki mwisho wa baridi," akasema. "Tulizopasua zitatupeleka mwezi wa pili. Wa tatu kama tutavaa soksi mbili."

"Mimi nimeshaiagiza mashine kwa Jumamosi ijayo," Hilja akasema. "Kwangu ni kazi ya nusu siku. Mchana nileteeni mtu wa kuivuta, mmalizie."

"Nitakuja kuivuta mimi," Saima akasema kabla Urho hajafungua kinywa.

Waliirudisha mashine dakika kumi kabla ya saa. Wendell aliizunguka, akatazama tairi, akatazama mpira, akawarudishia amana yao. Kwa safari hii Urho alikaa dukani nusu saa nzima. Alionyeshwa koki. Alionyeshwa jinsi ya kukilainisha kile chuma cha kusukuma gogo kwa grisi, jinsi ya kumwaga maji yakiingia kwenye petroli, na alama ndogo nyekundu inayoonyesha mafuta yakipungua. Aliuliza maswali mpaka Wendell akatazama saa ya ukutani. Saima alikuwa amesimama karibu naye, naye alikuwa anaandika nyuma ya risiti.

Jumamosi iliyofuata walianza kwa Hilja saa mbili asubuhi, na safari hii palikuwa na watu saba, maana mpiga kinanda alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Wengine walikuja kusaidia, wengine walikuja kumwona Urho Lampinen akiwa karibu na mashine, na waliokuja kuona nao walipewa magogo ya kubeba. Kufika saa tano kwa Hilja pakawa pamekwisha. Kufika saa tisa, kwa Urho hapakubaki gogo zima ila lile shina la panda, ambalo Dale alilisimamisha wima karibu na mlango wa sauna akalikalia, akasema ni kiti kizuri.

Kazi iliyobaki ni kupanga kuni ukutani, na kupanga hakuhitaji nguvu ila subira, kwa hiyo daktari alipoulizwa kwa simu akaruhusu, kipande kimoja kimoja. Urho na Saima waliianza Jumatatu baada ya kifungua kinywa. Urho alipanga safu ya kwanza maganda yakitazama chini, kama alivyofundishwa na baba yake. Saima akaja na mzigo wake mikononi, akasimama.

"Maganda yanakaa juu, mzee. Mvua inateleza."

"Yakikaa juu kuni hazipumui."

"Nani amekuambia kuni zinapumua?"

Wakampigia Hilja. Hilja akasema juu. Dale, aliyekuwa anapita na gari, alisimamishwa akaulizwa. Akasema chini, halafu akamwona Saima alivyomtazama, akasema inategemea upepo. Mwishowe waligawana ukuta. Kuanzia mlangoni mpaka dirishani maganda yakatazama juu, kutoka dirishani mpaka kwenye kona yakatazama chini, na kila asubuhi mmoja wao alikuwa anatoka na kikombe cha kahawa, anagusa kuni za upande wake, halafu za mwenzake, na kurudi ndani kutoa taarifa. Wiki mbili baadaye theluji ya kwanza ilianguka kutwa nzima, ikafunika ukuta wote kutoka mlangoni hadi kwenye kona, na bado walikuwa hawajakubaliana.